Subira Si Kunyamaza: Mtoto Wako Anapopigwa Shuleni



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu na dada zangu, huenda mkajiuliza darsa la mtoto wa shule ya msingi linatafuta nini katika jarida la wanachuo. Lakini wengi wetu tunaosoma hapa Mbarara tumeacha nyumbani wadogo zetu, na mlezi wao anayejua kusoma barua ya shule ni sisi. Wengine mmeshaoa na kuolewa, mna watoto. Wengine mnasomea ualimu, na kesho mtasimama mbele ya darasa lenye watoto mia. Wengine mnasomea uuguzi na udaktari, na mtoto aliyepigwa ataletwa kwenu. Kwa hiyo darsa hili ni letu sote. Nitalianza kwa yaliyonipata mimi, pamoja na makosa yangu, kisha tutazame dini yetu inasema nini na sheria ya nchi inatupa njia gani.

Yaliyotokea

Nyumbani kwetu ni Ngarama, wilaya ya Isingiro, upande wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tulifika hapo tukitokea Kivu ya Kusini. Mama yangu anaishi huko na mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, Allah amrehemu. Wakati huo mtoto alikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni.

Niligundua jambo lenyewe siku ya Idi. Nilikuwa nimemnunulia kanzu mpya, nikamwambia avue shati aijaribu. Akakataa. Akasema ataivaa juu ya shati. Nikacheka, nikamvuta mkono kwa mzaha, naye akapiga kelele ya mtu aliyeguswa kidonda. Nilipomvua nikaona mgongo na mbavu zina alama, nyingine za kijani zilizozeeka, nyingine mbichi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anajua. Kulikuwa na wavulana watatu wakubwa katika darasa lake ambao walimngojea karibu na bomba wakati wa mapumziko. Walimnyang'anya kikombe cha uji, na akikataa walimwangusha chini wakampiga mateke. Jambo hilo lilikuwa limeendelea muhula mzima.

Nikamuuliza mama kwa nini hakusema. Akanijibu, "Subira, baba. Sisi hapa ni wageni. Tukianza kesi shuleni, watatufukuza mtoto. Allah anaona."

Sikumjibu mama vizuri, na hilo ni kosa langu la kwanza. La pili ni kubwa zaidi. Jioni ile nilimkalisha mtoto nikamwambia, "Mwanaume hapigwi mara mbili. Wakikufuata tena, chukua jiwe." Nikarudi Mbarara nikidhani nimemlea.

Wiki mbili baadaye mama akapiga simu. Mpwa wangu alikuwa amempiga mwenzake kwa jiwe juu ya jicho. Aliyepigwa hakuwa mmoja wa wale watatu. Alikuwa mtoto mdogo kama yeye, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama pembeni na kucheka. Shule ilimrudisha mpwa wangu nyumbani. Mtoto wetu aliyeonewa muhula mzima bila mtu kuandika jina lake, sasa jina lake lilikuwa limeandikwa kama mkosaji.

Funzo la kwanza: subira si kunyamaza

Maneno ya mama yangu mnayajua, kwa kuwa wazazi wetu wengi huyasema. Nami sitaki kumlaumu. Mtu aliyekimbia vita mara mbili amejifunza kuinamisha kichwa. Lakini tusiiwekee dini mzigo ambao haikuubeba.

Ni kweli kwamba Nabii Yaaqub alimpelekea Allah peke yake huzuni yake, kama tunavyosoma katika Surat Yusuf. Lakini huyo huyo aliwaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa. Subira yake ilikuwa na kazi ya kufanya.

Tazama pia mwanzo wa Surat al-Mujadila. Bibi Khawla bint Thaalaba alidhulumiwa na mumewe kwa desturi ya kijahilia. Hakukaa nyumbani akilia. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), akaeleza shauri lake, akajadiliana, akarudia. Bibi Aisha alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, na baadhi ya maneno hayakumfikia, lakini Allah aliyasikia yote na akateremsha hukumu. Mwanamke huyu hakuambiwa kwamba amekosa subira. Sura nzima imepewa jina kutokana na mjadala wake.

Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 148, tunafundishwa kwamba Allah hapendi ubaya utangazwe, kisha akatolewa mtu mmoja: aliyedhulumiwa. Yeye ana ruhusa ya kusema. Wanachuoni wetu wanapoeleza usengenyi huitaja ruhusa hii: kupeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kuondoa dhuluma si kusengenya.

Basi mzazi anayekwenda kwa mwalimu mkuu kusema mtoto wake anapigwa hajakosa subira. Subira ataihitaji baadaye, atakapoambiwa arudi kesho, na kesho kutwa.

Funzo la pili: hakikisha, kisha andika

Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kutenda, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Mimi sikuchunguza. Nilisikia "wavulana watatu" nikatoa hukumu ya jiwe, na jiwe likaenda kwa asiyehusika.

Kuchunguza hakuna maana ya kumtilia shaka mtoto. Ni kumsikiliza vizuri. Mtoto aliyepigwa huwa na aibu, na ukimuuliza kama polisi hufunga mdomo. Mimi nilipata maneno yake tulipokuwa tukipukuchua mahindi, macho yetu sote yakiwa chini kwenye ungo. Muulize mambo madogo: mlikuwa wapi, ilikuwa kabla ya uji au baada yake, nani mwingine alikuwepo, ulimwambia mwalimu gani. Usimtilie jibu mdomoni. Na usimuulize kwa nini hakujitetea, maana hapo umeshamgeuza mshitakiwa.

Kuna dalili zinazomtangulia mtoto kusema. Anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule na Jumamosi amepona. Daftari na kalamu zinapotea. Anarudi na njaa siku ambazo shule imetoa uji. Anakojoa kitandani baada ya kuacha miaka mingi. Hataki kuvua nguo mbele ya watu. Zote hizi mama aliziona, nami ningeziona kama ningeuliza kwenye simu kitu kingine zaidi ya "amefaulu?"

Kisha andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inafundisha kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Ikiwa mali inaandikwa, mwili wa mtoto una haki zaidi. Chukua daftari la kurasa chache: tarehe, mahali, kilichotokea, waliokuwepo, aliyeambiwa na alichojibu. Kama ameumia, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na utunze karatasi ya matibabu. Jeraha likiwa kubwa, anza polisi uchukue fomu namba 3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Alama za mgongoni hupotea baada ya wiki mbili, na zikipotea bila karatasi yoyote, itabaki kauli ya mtoto dhidi ya kauli ya shule.

Funzo la tatu: ingia kwa mlango

Nilipofika shuleni mara ya kwanza, niliingia na hasira. Nilizungumza uwanjani, mbele ya wanafunzi, sauti juu. Mwalimu mkuu alifanya ambalo mtu yeyote angefanya akivunjiwa heshima mbele ya watoto wake: alijitetea. Aliniambia darasa lile lina watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja, na kwamba mtoto wangu ndiye aliyemwaga damu. Nikatoka bila kitu.

Mara ya pili niliomba siku na saa. Nilikwenda na mama yangu, kwa kuwa yeye ndiye mlezi aliyeandikwa shuleni, na jirani mmoja mzee anayesema Kinyankole na Kiingereza, ili mama asikae kama bubu katika shauri la mjukuu wake. Nilibeba ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono na nakala yake. Nilianza kwa kuomba radhi kwa siku ile ya kwanza. Kisha nikasema wazi: mtoto wetu amempiga mwenzake, tumekuja kulibeba kosa hilo, na mtoto wetu amepigwa muhula mzima, tumekuja kuomba lishughulikiwe.

Tuliomba mambo matatu tu. Kwanza, mtu mzima awepo karibu na bomba wakati wa uji. Pili, mpwa wangu awe na mwalimu mmoja wa kumwendea; shule za Uganda huwa na mwalimu mlezi wa wavulana na mlezi wa wasichana kwa kazi kama hii. Tatu, turudi baada ya wiki mbili kuangalia hali. Ukiiambia shule "fanyeni kitu" haitajua ianzie wapi. Ukitaja bomba, mtu na tarehe, inajua.

Mwalimu mkuu alikubali, kisha akatoa dawa yake mwenyewe: awaite wote wanne, mpwa wangu na wale watatu, wachapwe mbele ya gwaride, yaishe. Hapo mama yangu, ambaye alikuwa hajasema neno, alisema hapana.

Ndugu zangu, hapana ile ina msingi. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imekataza adhabu ya kuchapa watoto shuleni. Na sisi tuna msingi ulio mkongwe zaidi. Bibi Aisha amesimulia, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume hakumpiga yeyote kwa mkono wake, si mwanamke wala mtumishi, isipokuwa katika jihadi. Humo humo kuna kisa cha Abu Masuud aliyekuwa akimpiga mtumwa wake, akasikia sauti nyuma yake ikimkumbusha kwamba uwezo wa Allah juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake juu ya yule kijana. Akageuka, akamwona Mtume. Akamwacha huru kijana yule pale pale. Huwezi kumfundisha mtoto kwamba mwenye nguvu asimpige mnyonge kwa njia ya mwenye nguvu kumpiga mnyonge.

Mlango wa kwanza ukifungwa

Sisi tulisikilizwa mara ya pili. Wengine hawasikilizwi hata mara ya tano. Basi jueni milango, na mwafundishe wazazi wenu.

Baada ya mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, iko kamati ya uongozi wa shule, na wazazi wamo ndani yake. Barua kwa kamati iwe na tarehe, na nakala ibaki kwako. Ndani ya makazi kuna viongozi wa kijiji waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe, na juu yao ofisi ya makazi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na mashirika yanayoshughulikia ulinzi wa watoto. Wilayani wapo afisa elimu na afisa wa ustawi wa jamii. Kama mtoto ameumizwa vibaya au anatishiwa, usingoje ngazi hizi: nenda polisi, kwenye dawati la watoto na familia, au piga namba 116, simu ya watoto iitwayo Sauti, ambayo ni bure.

Wizara ya Elimu na Michezo ilitoa mwaka 2014 mwongozo wa jinsi shule inavyotakiwa kuripoti, kufuatilia na kushughulikia ukatili dhidi ya watoto. Ukiutaja kwa adabu, mwalimu ataelewa kwamba unaomba kazi inayojulikana, humwombi fadhila.

Na kwa mama yangu, na kina mama wote wanaosema "sisi ni wageni": Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imempa mtoto mkimbizi, katika elimu ya msingi, haki sawa na mtoto wa raia. Nakivale imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1950. Haturuhusiwi kuwadharau wenyeji waliotupokea, lakini shukrani kwa mwenyeji haimlazimu mtoto wetu kupigwa.

Funzo la nne: haki hata kwa mtoto wa mwenzio

Hili ndilo lililonigharimu zaidi. Surat an-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Mpwa wangu alikuwa amedhulumiwa, na pia alikuwa amedhulumu. Mambo yote mawili yalikuwa kweli.

Anas amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.), katika Sahih al-Bukhari, agizo la kumsaidia ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa. Maswahaba wakauliza: huyu wa pili tunajua, lakini dhalimu tutamsaidiaje? Wakajibiwa kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu.

Basi nilimchukua mpwa wangu tukaenda hadi nyumbani kwa yule mtoto aliyepigwa jiwe. Tulilipa gharama ya matibabu. Kalamu ya madhambi imenyanyuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, kama ilivyokuja katika hadithi, lakini mafakihi wamesema mtoto akiharibu au akijeruhi, fidia ya aliyedhurika haipotei. Sheria ya nchi nayo haimfikishi mtoto wa chini ya miaka 12 kwenye kosa la jinai, lakini madhara yanabaki madhara. Baba wa yule mtoto alitupokea kwa uso mkavu. Nikamwambia mbele ya mpwa wangu kwamba aliyemfundisha kuchukua jiwe ni mimi. Hapo ndipo mpwa wangu alipoanza kulia, na baba yule akaagiza chai.

Kisha wakabaki wale watatu. Nilitaka wawe waovu, ingekuwa rahisi. Mwalimu wa darasa akanieleza habari ya mkubwa wao. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kwao Kongo alikuwa ameshafika darasa la sita, akisoma kwa Kifaransa. Alipofika huku, kwa kuwa hajui Kiingereza, alirudishwa chini, akaketi kwenye dawati na watoto wa miaka tisa waliokuwa wakimcheka matamshi yake. Mpwa wangu anajua Kiingereza. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa waliokuwa wakicheka.

Mimi na nyinyi tunaijua aya ya 11 ya Surat al-Hujurat, inayokataza watu kudharauliana, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora. Tunaihutubia kwenye minbari. Hatukumfundisha mtoto wetu.

Hilo halihalalishi teke hata moja. Lakini lilitueleza mahali pa kuanzia. Tuliwaomba walimu wamtenganishe na wadogo kwenye foleni ya uji na wampe kazi ya mtu mkubwa, na mpwa wangu naye alimwomba radhi kwa kicheko.

Ilivyokwisha

Sitawadanganya kwamba yote yalikwisha vizuri. Mwalimu alisimama karibu na bomba, si kila siku, lakini mara nyingi. Kupigwa kulikoma. Mpwa wangu alirudi darasani, ingawa kwa muda mrefu hakwenda kuchota maji peke yake hata nyumbani. Yule mvulana mkubwa aliacha shule kabla ya mwaka kwisha, na nilipokwenda likizo nilimwona akisukuma baiskeli yenye majerikeni manne. Tulisalimiana. Nilipata nilichokwenda kukitafuta shuleni, na bado nilipomwona sikufurahi.

Ndiyo maana naandika. Mtoto mmoja aliyeokolewa na mwingine aliyepotea si ushindi wa kuufunga na kuuweka. Jumuiya yetu ina watu wanaojua Kiingereza na Kiswahili, na baadhi wanajua Kifaransa. Likizo tunakuwa nyumbani wiki kadhaa. Kila mmoja wetu akikaa saa moja kwa siku na mtoto mkubwa mmoja aliyerudishwa chini kwa ajili ya lugha, tutakuwa tumemsaidia dhalimu kabla hajadhulumu. Na nyinyi mtakaokuwa walimu, mzazi akija na ukurasa wake mkononi, mpeni kiti kwanza.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Tofauti ya subira na unyonge ni ipi? Tazama Surat ash-Shura, aya ya 39 hadi 43, mwone jinsi kujitetea, kulipiza kwa kiasi na kusamehe vilivyopangwa pamoja.
2. Mtoto akikuuliza "nikipigwa nifanyeje?", utamjibu nini badala ya jibu nililotoa mimi?
3. Nani katika familia yako anapokea simu ya shule, na anaijua milango iliyotajwa hapa?

Allah atulindie watoto wetu na watoto wa wenzetu, atupe ulimi wa haki usio na ufidhuli, na amrehemu kila aliyefariki akatuachia amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.